Fomu 1099-K na Kodi ya Anayeuza Tena Tiketi Mtandaoni Marekani



Katika parokia tunazokwenda kufanya uchungaji mwishoni mwa juma, si ajabu kukutana na mzazi mwenye mtoto Houston au Minneapolis, na si ajabu mzazi huyo kutuuliza jambo ambalo halimo kabisa katika mtaala wetu wa falsafa. Swali lililotufikia zaidi ya mara moja ni hili: kijana aliuza tiketi za mpira au za muziki kwa njia ya mtandao, kisha mwezi wa kwanza akaletewa karatasi ya kodi yenye kiasi kikubwa cha fedha. Je, anadaiwa kodi ya fedha zote hizo? Na mwenzake aliyeuza vilevile lakini hakuletewa karatasi, je, yeye amesalimika? Kwa kuwa Kombe la Dunia la mwaka 2026 limepangwa Marekani, Kanada na Mexico, na tiketi zake zinanunuliwa na kuuzwa tena kwa wingi mtandaoni, tumeona tulieleze suala hili kwa Kiswahili cha kawaida.

Tutangulize jibu. Yule wa kwanza pengine ameogopa bure, na yule wa pili pengine amefurahi bure.

Karatasi yenyewe inaitwa Fomu 1099-K. Huandaliwa na kampuni inayopokea fedha za mnunuzi na kumfikishia muuzaji, kwa mfano StubHub, SeatGeek au Ticketmaster. Nakala ya muuzaji hutakiwa kumfikia kufikia tarehe 31 Januari ya mwaka unaofuata mauzo, na nakala nyingine hupelekwa kwa Idara ya Mapato ya Marekani, ambayo wengi huiita IRS. Ni taarifa tu kwamba fedha kiasi fulani zilipita kwa jina la mtu fulani. Waliokwisha kusoma somo la mantiki watasema hiyo ni ishara, na ishara haiwi kile inachokiashiria. Kodi haitozwi kwa sababu ya fomu. Hutozwa kwa sababu ya faida.

Vurugu nyingi zilizotokea miaka hii zimetokana na kiwango cha fedha kinachoilazimu kampuni kuandaa fomu. Sheria iliyoanzisha fomu hii ilipitishwa mwaka 2008 na ikaanza kutumika kwa mauzo ya mwaka 2011. Ilisema kampuni itoe taarifa endapo muuzaji amepokea zaidi ya dola 20,000 na pia amefanya mauzo zaidi ya 200 katika mwaka mmoja. Masharti yote mawili yalipaswa kutimia, na kwa hiyo muuzaji mdogo hakuiona fomu hii maisha yake yote. Mwaka 2021 Bunge la Marekani likashusha kiwango hadi dola 600, bila kujali idadi ya mauzo. Hapo ndipo hofu ilipoingia, maana tiketi mbili tu za tamasha kubwa zinaweza kuvuka dola 600. IRS wenyewe wakaona mzigo ni mzito. Waliahirisha kiwango hicho kwa mwaka 2022, wakaahirisha tena kwa mwaka 2023, na kwa mwaka 2024 wakaweka dola 5,000 kama hatua ya mpito. Kisha sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ikarudisha utaratibu wa zamani, dola 20,000 na mauzo 200, kana kwamba kiwango cha dola 600 hakikuwahi kuwapo.

Msomaji asichoshwe na tarehe hizi. Tumezitaja ili aone kwamba katika kupanda na kushuka kote huko kilichobadilika ni wajibu wa kampuni wa kutoa taarifa. Wajibu wa muuzaji wa kutangaza faida yake haukubadilika hata siku moja. Aliyepata faida ya dola 300 mwaka 2019, 2022 au 2025 alitakiwa kuitaja katika marejesho yake ya kodi, fomu iwepo isiwepo.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwani hapo ndipo wengi hupotea. Fomu 1099-K huonyesha jumla ya mauzo kabla ya kutoa chochote. Haitoi bei ambayo muuzaji alinunulia, haitoi ada ya kampuni, haitoi fedha alizomrudishia mnunuzi. Tuseme kijana alinunua tiketi mbili za mechi kwa dola 150 kila moja, ada zote zikiwa ndani. Akapangiwa zamu kazini siku ya mechi, akaziuza kwa dola 400 kila moja. Mauzo ni dola 800. Kampuni ikakata ada ya dola 80. Ikiwa fomu itatolewa, itasema 800. Lakini toa 80 za ada, toa 300 za kununulia, inabaki faida ya dola 420, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi. Kwa kuwa tiketi hazikukaa mkononi zaidi ya mwaka mmoja, faida hiyo hutozwa kwa viwango vya mapato ya kawaida, ambavyo huanzia asilimia 10 hadi asilimia 37 kulingana na kipato cha mtu. Kijana aliye katika ngazi ya asilimia 12 atalipa dola 50 na senti 40. Aliyedhani serikali inadai dola 800 anaweza kushusha pumzi.

Na kama angeziuza kwa hasara, tuseme dola 100 kila moja? Hakuna faida, hakuna kodi. Ila hapa kuna jambo linaloonekana gumu kidogo: hasara hiyo haimsaidii kupunguza kodi nyingine. Tiketi aliyoinunua ili aende mwenyewe ni mali ya matumizi binafsi, na sheria ya Marekani huitoza kodi faida ya mali hiyo lakini haiitambui hasara yake. Hawezi hata kuichukua hasara ya tiketi za muziki akaifutia faida ya tiketi za mpira, ikiwa zote alizinunua kwa matumizi yake. Wapo watakaosema hii si haki. Sisi tunaona ina mantiki: aliyenunua tiketi alikuwa ananunua starehe, na gharama ya starehe hubaki kuwa yake.

Tofauti kati ya mali ya matumizi na bidhaa ya biashara ndiyo moyo wa suala zima, na sisi tunaosoma falsafa tunakutana nayo mahali pengine kabisa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa ya Teolojia, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77, makala ya nne, anasema kwamba si kila anayeuza kwa bei ya juu kuliko aliyonunulia ni mfanyabiashara. Mfanyabiashara ni yule aliyenunua kwa nia hiyo, ili auze kwa faida. Aliyenunua kitu akae nacho, kisha kwa sababu fulani akakiuza, hayumo katika kundi hilo. Tomaso aliandika hayo katika karne ya 13, hakujua tiketi ya mtandaoni, lakini swali analouliza ndilo hilo hilo ambalo mhasibu wa Marekani humwuliza mteja wake: ulinunua ili iweje?

Aliyenunua ili auze, tena mara kwa mara, huyo ana biashara. Hutangaza mauzo yake katika jedwali la biashara, anatoa gharama za tiketi na ada zote, na akipata hasara anaruhusiwa kuihesabu. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba faida halisi ya biashara ikifika dola 400 kwa mwaka, juu ya kodi ya mapato kuna kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, inayokwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee. Wengi husahau hiyo, na ndiyo huwaumiza. Nia haionekani kwa macho, kwa hiyo hutazamwa matendo: anauza mara ngapi, ananunua tiketi za miji ambayo hana mpango wa kufika, anatunza vitabu vya hesabu. Mtu mwenye tiketi 40 za usiku mmoja hawezi kusema alitaka kukaa viti vyote 40.

Kwetu Tanzania kazi hiyo ina jina, na jina lenyewe halina heshima: ulanguzi. Waliokuwapo mwaka 1983 wanakumbuka neno hilo lilivyotisha. Kule Marekani kuuza tena tiketi kwa faida si kosa la jumla, ingawa sheria ya mwaka 2016 inakataza kutumia programu za kompyuta kuvunja vizuizi vya ununuzi ili kukusanya tiketi kwa wingi. Suala la kupandisha bei isivyo haki linastahili makala yake. Tuseme tu kwamba kulipa kodi hakukisafishi kila kilichofanywa kabla ya kodi.

Turudi kwa yule ambaye hakuletewa fomu. Baada ya sheria ya 2025, wauzaji wengi wadogo hawataipokea tena, maana yake IRS hawatakuwa na nakala ya kulinganisha. Kwa hiyo yule kijana mwenye faida ya dola 420 anabaki peke yake na dhamiri yake, akiwa na dola 50 ambazo hakuna atakayemwuliza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inahesabu kulipa kodi kuwa wajibu wa kimaadili, na namba 2409 inautaja ukwepaji wa kodi pamoja na aina nyingine za kuchukua mali isivyo haki. Haisemi wajibu huo unaanzia dola 20,000. Wala hautenguliwi na kisingizio tunachokisikia mara nyingi kwamba ile ni serikali ya watu wengine. Barabara anazopita kijana huyo kwenda kazini ni zile zile.

Yapo mambo machache ya utendaji. Baadhi ya majimbo yana viwango vyake vya chini: Massachusetts na Vermont hutumia dola 600, na Illinois dola 1,000 pamoja na mauzo manne. Mkazi wa huko anaweza kupata fomu ambayo nduguye wa Texas hataipata. Kampuni pia haizuiwi kutoa fomu chini ya kiwango. Mwanafunzi aliye Marekani kwa viza ya masomo awe mwangalifu zaidi, kwa sababu kuuza tiketi kwa mfululizo kunaweza kuonekana ni kufanya kazi bila kibali. Aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Risiti za kununulia na barua pepe za mauzo zitunzwe kwa walau miaka mitatu, kwani bila risiti mtu anaweza kushindwa kuthibitisha kwamba alinunua kwa dola 150.

Halafu kuna lile linalotokea sana katika jumuiya za watu wetu ughaibuni: mmoja ananunua tiketi za kundi zima kwa kadi yake, wenzake wanamrudishia. Fedha hizo za kuchangia gharama si mapato, na hazina kodi. Kosa hutokea zinapotumwa kupitia programu ya malipo zikiwa zimewekwa alama ya malipo ya bidhaa au huduma. Zikiwekwa hivyo, zinahesabiwa kama mauzo, na fomu inaweza kuja. Ikija kwa makosa, aiandikie kwanza kampuni na kuomba fomu iliyosahihishwa. Kampuni isipojibu asisubiri hadi tarehe ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni 15 Aprili. Juu kabisa ya Jedwali la 1 la marejesho ya kodi, kuanzia yale ya mwaka 2024, kuna nafasi ya kuandika kiasi cha Fomu 1099-K kilichowekwa kimakosa, au cha vitu binafsi vilivyouzwa kwa hasara. Ajaze hapo, na nakala za ujumbe wa wenzake waliomrudishia fedha aziweke pamoja na risiti.