Baraza ya Kauri Nakuru: Uzuri Juu, Kazi Chini

Mtu wa pwani akihamia bara huacha mengi nyuma yake: bahari, minazi, jamaa. Baraza haiachi. Akijenga Nakuru, atataka mahali pa kukaa na wageni baada ya Alasiri, kahawa ikiwa katikati. Na siku hizi baraza hiyo, ambayo zamani ilikuwa ya saruji tupu, hutandikwa vibao vya kauri.

Kauri kwetu si mgeni. Mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika kaburi la mnara kule Mambrui, na nyumba kongwe za Lamu zilipanga sahani zao katika zidaka. Lakini wazee waliiweka ukutani itazamwe. Sisi twaikanyaga, na cha kukanyagwa kina masharti yake.

Sharti la kwanza ni kuchagua. Kauri ya kweli huchomwa kwa moto wa nyuzi 1,200 na zaidi, hata ikawa karibu hainywi maji kabisa. Tia tone la maji mgongoni mwa kibao, usubiri. Likinywewa, hicho ni kigae cha kawaida. Kisha papasa uso wake. King'aacho kama kioo kiache dukani, hata muuzaji akisifu vipi. Barazani ndipo babu anapotia udhu, na mvua ya Nakuru haipigi hodi. Chukua chenye uso wa kukwaruza. Nyonga ya mzee ikivunjika, uzuri wa baraza hautamfaa kitu.

Sharti la pili ni ardhi, na hapo ndipo Nakuru si Mombasa. Kisiwani tumezoea kujenga juu ya mwamba wa matumbawe. Nakuru imekaa chini ya Menengai, na udongo wake mwingi ni majivu ya volkeno. Maji yakipata njia huuchukua chini kwa chini, huku juu pakionekana pazima. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu, ikaikata barabara ya kwenda Narok. Si kila ua litafika huko, ila pakizama kadiri ya kidole tu, safu nzima ya vibao huvunjika.

Basi fedha ianzie chini. Udongo laini uondolewe, mawe yashindiliwe tabaka kwa tabaka, ndipo imwagwe zege. Sakafu iinamishwe sentimita moja na nusu kwa kila mita, maji yaikimbie nyumba. Na mlizamu wa paa usimwage miguuni mwa baraza.

Sharti la tatu ni fundi. Wapo waliozoea kuroweka vigae ndani ya pipa, kisha kuvibandika kwa uji wa saruji. Kauri hainywi, kwa hivyo uji huo haiushiki. Yatakiwa gundi ya vigae, ipakwe sakafuni na mgongoni mwa kibao pia. Kati ya vibao na ukingoni mwa ukuta paachwe nafasi, maana jua la mchana huvitanua na baridi ya usiku huvikaza. Gundi ikikauka, gonga kila kibao kwa kipini cha mwiko. Chenye sauti ya mtungi mtupu kibanduliwe, kabla fundi hajalipwa.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Baraza njema nayo si kauri. Uliza kilichozikwa chini yake.