Michezo ya pikipiki: Soko dogo lenye wateja waaminifu

Mfanyabiashara anayeagiza diski za michezo ya video, na hata mwekezaji mdogo anayetazama hisa za kampuni zinazoitengeneza, hukutana na jambo moja la kushangaza. Pikipiki zimejaa barabarani kuanzia Mwanza hadi Mombasa, lakini kwenye rafu za michezo ya video zinaonekana chache tu, na katika vibanda vya kulipia kwa muda ni mpira wa miguu unaotawala. Wingi wa pikipiki mitaani haujazaa soko la pikipiki kwenye skrini, na sababu kubwa iko ndani ya bidhaa yenyewe.

Gari lina magurudumu manne na husimama lenyewe. Pikipiki husimama kwa sababu inakwenda, na mwili wa mwendeshaji ni sehemu ya mtambo: akiegemea kulia inalala kulia, akikosea inamwangusha. Aidha, pikipiki halisi ina breki mbili, ya mbele kwa mkono na ya nyuma kwa mguu, na kila moja ina kazi yake. Mambo yote hayo yanapaswa kuingia katika padi yenye vitufe vichache vya kubonyezwa kwa vidole. Mtengenezaji akiyaweka yote, mchezaji mgeni huanguka kila kona na kuirudisha diski dukani. Akiyapunguza, anayejua pikipiki hulalamika kwamba ameuziwa gari lililokatwa nusu.

Kampuni zilizopata faida mapema zililikwepa tatizo hilo kwa akili. Mwaka 1984 Nintendo ilitoa Excitebike, ambamo pikipiki huonekana kutoka ubavuni na kazi ya mchezaji ni kuchunga mwendo, kuruka vilima na kuhakikisha injini haichemki. Humo mlikuwa pia na nafasi ya kujenga njia yako mwenyewe, ila kifaa cha kuhifadhia njia hizo kiliuzwa Japani tu, hivyo wanunuzi wa nchi nyingine walikuta kitufe cha kuhifadhi kisichofanya kazi. Mwaka uliofuata Sega ilileta Hang-On, iliyobuniwa na Yu Suzuki. Toleo lake kubwa lilikuwa mashine ya sarafu yenye umbo la pikipiki kamili, mchezaji akiipanda na kuilaza kwa mwili wake. Hapo ndipo utamu wa pikipiki ulipouzwa wote, lakini mashine ya aina hiyo hula nafasi, hutaka mafundi na haiingii sebuleni.

Udhaifu huo haujaisha hadi leo. Wachezaji wa magari hununua usukani na pedali za kuchezea nyumbani, na vifaa hivyo ni biashara nyingine kando ya diski. Mpini wa pikipiki wa nyumbani haujapata soko linalofanana na hilo, hivyo muuza duka anayeuza mchezo wa pikipiki huishia kwenye diski peke yake.

Mfano wa Road Rash

Mchezo unaofaa kutazamwa zaidi na watu wa biashara ni Road Rash, uliotolewa na Electronic Arts mwaka 1991 kwa mashine ya Sega Mega Drive. Mashindano yake ni ya haramu katika barabara za kawaida zenye magari, washindani hupigana ngumi na rungu, na polisi hufukuza. Anayeshinda hulipwa, na fedha hizo hununua pikipiki bora. Anayevunja pikipiki hulipa matengenezo, anayekamatwa hutozwa faini. Kwa maneno mengine, mchezaji anaendesha kibiashara kidogo chenye mapato na hasara, na hilo lilimrudisha kwenye kiti kuliko uzuri wa picha. Kukosa uhalisi hakukuwa kasoro hata kidogo.

Kasoro ilitokea kwa mwenye mali. Baada ya toleo la Jailbreak la mwaka 2000, jina hilo liliachwa karibu lisahaulike. Mwaka 2013 watengenezaji wadogo waliomba michango ya wachezaji kupitia Kickstarter ili kutengeneza mchezo wa aina hiyo, Road Redemption, nao ulikamilika mwaka 2017. Wateja walikuwepo muda wote, bidhaa ndiyo iliyokosekana.

Gharama ya majina

Upande wa pili ni michezo ya mashindano halisi. Hapa mtengenezaji hulipia haki ya kutumia jina la MotoGP, waendeshaji na viwanja. Nguvu yake ni kwamba shabiki wa mbio hana mahali pengine pa kwenda. Udhaifu ni kwamba haki hizo huhama. Namco ilitoa MotoGP mwaka 2000 kwa PlayStation 2, THQ ikatoa yake kwa Xbox mwaka 2002, kisha Capcom ikaingia. Baada ya toleo la Capcom la mwaka 2011 kulikuwa na pengo hadi mwaka 2013, ambapo kampuni ya Milestone ya Milano, Italia, ilileta MotoGP 13.

Tangu hapo Milestone imetoa toleo kila mwaka. Mwaka 2016 iliweka mbele jina la Valentino Rossi badala ya tarakimu, jambo lililoonyesha jinsi mauzo yanavyotegemea sura ya mtu mmoja. Rossi alistaafu mwaka 2021. Pia imeongeza kitufe cha kurudisha muda nyuma baada ya kuanguka, dawa nzuri kwa wageni, lakini anayejifunza bado anahitaji uvumilivu.

Mwaka 2019 Milestone ilinunuliwa na kundi la THQ Nordic kwa Euro milioni 44.9. Kwa kampuni inayoongoza katika fani yake bei hiyo ni ya kiasi, na inaonyesha ukubwa halisi wa soko. Milestone yenyewe ilitoa Hot Wheels Unleashed mwaka 2021, mchezo wa vigari vya watoto, ishara kwamba haitaki kula kwa magurudumu mawili tu. Kwa upande mwingine, Liberty Media ya Marekani, inayomiliki Formula 1, ilikamilisha ununuzi wa kampuni yenye MotoGP mwaka 2025, na wanahisa wanatazama kama mbio hizo zitapata watazamaji wapya kama ilivyokuwa kwa magari.

Kwa mwenye duka, tarakimu ya mwaka kwenye jalada ni tarehe ya kuharibika. Diski ya msimu uliopita hushuka bei mara mpya inapoingia, kwa hiyo haifai kuagizwa kwa wingi mwishoni mwa msimu. Mwenye kibanda atazame kwanza kama watu 2 wanaweza kucheza kwenye skrini moja. MotoGP 22 iliruhusu hilo, lakini michezo mingi ya pikipiki ni ya mtu mmoja, na kwa kibanda kinachouza dakika hiyo ni nusu ya mapato.