Kuimba Pekee Hakutoshi

Kila ifikapo sikukuu ya taifa, au mgeni mkubwa azurupo shule, watoto wadogo hupangwa mstari na kuimbishwa. Sauti zao hutufurahisha, nasi hupiga makofi. Lakini mwulize mmoja wao wimbo huo wapanda wapi na washuka wapi, atakutazama tu. Amekaririshwa kama kasuku, hakufundishwa.

Jambo hili si dogo. Wimbo wetu wa taifa wenyewe ni ushahidi. Mahadhi yake yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Afrika ya Kusini. Elimu ya do, re, mi ndiyo iliyomwezesha kuziandika nyimbo zake. Alifariki mwaka 1905 akali kijana, lakini wimbo wake ulivuka mipaka hata ukafika kwetu.

Wapo wasemao kwamba muziki ni anasa, na ya kuwa shule isiyo na piano haiwezi kuufundisha. La hasha! Huko Hungaria, Zoltán Kodály, aliyefariki mwaka 1967, aliwaonyesha walimu kwamba ala ya kwanza ya mtoto ni koo lake mwenyewe, na kitabu chake cha kwanza ni nyimbo za watu wa kwao. Katika njia yake mtoto huanza na sauti mbili tu, so na mi. Kisha nyingine huongezwa moja moja, kila moja na ishara yake ya mkono.

Basi sisi tumepungukiwa na nini? Mwalimu wa darasa la kwanza na awatembeze watoto kwa kufuata mapigo ya ngoma. Wapige makofi, marefu na mafupi. Wainue mkono sauti ipandapo, waushushe ishukapo. Hayo yakisha kuwakaa mwilini, ndipo wayaandike ubaoni. Dakika kumi kwa siku zatosha kuanzia.

Zamani, katika shule nyingi za misheni, do, re, mi ilifundishwa kwa ajili ya nyimbo za kanisani, na ngoma ikaachwa nje ya mlango. Leo viwili hivyo havina sababu ya kugombana. Bibi zetu wanazo nyimbo za kutwanga, za kupalilia na za kubembeleza watoto, na nyingi katika hizo hazijaandikwa. Bibi afapo, huzikwa nazo. Mtoto ajuaye kuandika sauti aweza kuziokoa.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Ndugu wafanyakazi, ninyi ndio wazazi wa watoto hawa. Mwendapo katika mkutano wa wazazi, msiulize tu kama watoto wataimba siku ya sherehe. Ulizeni wamefundishwa nini.