Nina Njaa, Tengo Hambre: Kujifundisha Kihispania na Kifaransa Ukiwa Soin

Karibu kila kozi ya Kihispania iliyotungwa kwa wasomaji wa Kiingereza ina mahali inaposimama kumwonya mwanafunzi. Inamweleza kwamba kwa Kihispania njaa si hali ya mtu, bali ni kitu alicho nacho: tengo hambre. Vivyo hivyo kiu, tengo sed. Usingizi, tengo sueño. Hata umri, tengo veinte años. Kozi ya Kifaransa hurudia onyo lile lile: j'ai faim, j'ai soif, j'ai sommeil, j'ai vingt ans. Mwanafunzi wa Manchester anakuna kichwa. Mwanafunzi aliyeketi Kipsitet, huku Soin, kando ya barabara ya Kericho kwenda Kisumu, hana sababu ya kukuna kichwa. Nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina miaka ishirini. Ameyasema hayo tangu shule ya msingi.

Lakini nani amemwambia? Kitabu alichoshika kinamsemesha kana kwamba yeye ni Mwingereza, naye anakubali kuwa Mwingereza kwa saa nzima ya somo. Sentensi anaipitisha kwanza kwenye Kiingereza, kisha Kihispania, na katikati anatumbukia kwenye shimo ambalo halikuwa njiani mwake. Kwenye madaftari yangu ya mwanzo kosa hilo limeandikwa kwa mkono wangu: soy hambre, yaani mimi ni njaa. Mtu anayesema nina njaa kila siku hakuwa na haja ya kulikosea neno hilo.

Hoja yangu ni hii. Anayejifundisha Kihispania au Kifaransa akiwa Soin hana budi kutumia kozi za Kiingereza, maana ndizo zilizo rahisi kupata. Maelezo yake, hata hivyo, ayatoe kwenye Kiswahili na Kipsigis. Humo ndimo mna vyombo vya kazi.

Soin yenyewe ni shule ya lugha isiyo na jengo. Ukiacha mashamba ya chai ya juu Kericho na kuteremka kuelekea bonde la Nyando, baridi inakwisha, chai inakwisha, miwa na mahindi yanaanza, na ng'ambo ya pili ni kwa Wajaluo. Mama anayeuza nyanya sokoni anakupokea kwa chamgei ukiwa Mkipsigis, anageukia Dholuo mteja kutoka Awasi akisimama mbele yake, na bei anaitaja kwa Kiswahili dereva wa matatu akipaza sauti kutoka barabarani. Hakuna aliyemfundisha ubaoni. Alisikia, akajaribu, akachekwa, akarudia. Kwa hiyo mtu wa huku anapofungua kozi ya Kihispania, hiyo si lugha yake ya pili. Ni ya nne au ya tano, na ya tano haifundishwi kama ya pili.

Taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha, Foreign Service Institute, huwatengea wanafunzi wa Kihispania na Kifaransa kama wiki 30 za darasani, na wa Kiswahili kama wiki 36. Kwa mzungumzaji wa Kiingereza, basi, Kiswahili ndicho kigumu zaidi. Ukitazama kinachomsumbua katika Kiswahili utakuta upatanisho wa ngeli, kitenzi kinachobeba mtenda na mtendwa ndani yake, na kivumishi kinachofuata nomino. Hayo ndiyo yanayomsumbua tena akifika kwenye Kihispania, na ndiyo mtu wa Soin anayokuja nayo mkononi.

Tuyatazame kwa karibu. Kiswahili husema kitabu cheupe, vitabu vyeupe, nyumba nyeupe. Kihispania husema libro blanco, libros blancos, casa blanca. Sisi tunapatanisha mwanzoni mwa neno, wao mwishoni, lakini kazi ni ile ile: nomino inatawala na maneno yanayoifuata yanatii. Mtu aliyezoea ngeli nane na zaidi hawezi kutishwa na jinsia mbili. Tena nakiona ni lo veo kwa Kihispania na je le vois kwa Kifaransa. Kile kiambishi cha mtendwa kinakaa kabla ya mzizi wa kitenzi, pale pale tulipokizoea.

Kuna hali ya kitenzi ambayo vitabu vya Kiingereza huiweka mwisho wa kozi kama mlima: ile ya matakwa. Mwanafunzi anaambiwa kwamba baada ya kutaka, kuomba au kuogopa, kitenzi hubadilika. Kwetu, anasema hugeuka aseme: nataka aseme. Kwa Kihispania, habla hugeuka hable: quiero que hable. Ni irabu ile ile ya mwisho, a kuwa e, na kwa sababu ile ile. Vitenzi vya Kihispania vinavyoishia -er na -ir hugeuza kinyume, e kuwa a, kwa hiyo nataka asome ni quiero que lea. Siku nilipouona ufanano huo nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea kwa furaha. Kifaransa kina hali hiyo pia, ingawa katika vitenzi vingi imejificha kwa kuwa herufi za mwisho hazitamkwi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa vitenzi viwili vya Kihispania, ser na estar, ambavyo Kiingereza kinavimeza kwa kitenzi kimoja. Mimi ni mwalimu, soy profesor. Niko nyumbani, estoy en casa. Ni na -ko: tayari umegawanya vitenzi hivyo viwili bila jasho. Vitabu vingi humweleza mwanafunzi kwamba estar ni ya mambo ya kupita, kisha humwacha hoi mbele ya está muerto, amekufa, maana kifo si jambo la kupita. Mswahili anayo kanuni iliyo bora zaidi. Estoy cansado ni nimechoka. Está sentado ni ameketi. Está dormido ni amelala. Está muerto ni amekufa. Hiyo ni -me-, hali iliyobaki baada ya tendo kutokea. Ukiishika hivyo, sehemu kubwa ya estar inakaa sawa. Daraja hili lina mwisho wake, kwa sababu mahali pa tukio, kama vile mkutano au harusi, Kihispania hutumia ser. Lakini litakuvusha mbali.

Msamiati nao una ukoo wa zamani. Wareno walituachia meza, bendera, kasha na mvinyo pwani, na Kihispania, jirani wa Kireno, kinasema mesa, bandera, caja, vino. Kiarabu kilikaa Hispania kwa karne nyingi, na pwani yetu pia. Ndiyo maana fulani wa Kiswahili ni fulano wa Kihispania, sukari ni azúcar, na taarifa ni ndugu wa tarifa, ingawa yule wa Hispania amehamia kwenye orodha ya bei. Kadhi kwao amekuwa alcalde, yaani meya. Hata yetu ni hasta yao, kwa maana zote mbili: hata lini, hasta cuándo, hata watoto, hasta los niños. Kwenye chai tu, ambayo Kericho imejengwa juu yake, ndipo tulipoachana: jina letu lilitoka kwenye matamshi ya cha ya Kichina, lao la té na thé likatoka kwenye lahaja ya pwani ya Fujian.

Kuhusu sauti, irabu tano za Kiswahili ni zile zile tano za Kihispania, na mkazo wa neno kwa kawaida uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Kipsigis kinaongeza zawadi yake. Kile Kip- cha Kipkorir husikika Kib- katika Kibiwott, kwa kuwa p ikizungukwa na irabu hulainika, midomo ikikaribiana bila kubanana. Hivyo hasa ndivyo Mhispania anavyoitamka b ya Habana. Walimu wetu wa shule walitukemea kwa kuchanganya p na b katika Kiingereza. Kwenye Kihispania ulimi huo huo unakuwa na faida.

Kifaransa hakina ukarimu huo masikioni. Kina irabu za puani, vin, vent, bon, na kina ile u ya tu ambayo haimo katika lugha yoyote ya Soin. Unatamka i, kisha unaviringa midomo kama wa kupuliza moto. Herufi zake nyingi ziko kwenye karatasi tu: parle, parles na parlent zinasikika sawa. Kwa sababu hiyo nashauri kuanza na Kihispania, ukifikie kiwango cha kusoma bila kuhema, ndipo uingie Kifaransa. Ukivianza siku moja vitagombana. Salir kwa Kihispania ni kutoka, kwa Kifaransa ni kuchafua. Subir kwa Kihispania ni kupanda, kwa Kifaransa ni kupatwa na jambo.

Sasa kozi. Kozi za Foreign Service Institute zinapatikana bure, sauti na maandishi, na unaweza kuzipakua ukiwa mjini Kericho penye mtandao mzuri kisha ukazisikiliza mwezi mzima bila bando. Zimezeeka na mazoezi yake yanachosha, lakini ulimi unanyooka. Assimil, kampuni ya Kifaransa iliyoanzishwa na Alphonse Chérel mwaka 1929, hufuata njia nyingine: somo fupi kila siku, kusoma na kusikiliza tu kwa muda, na ukifika karibu nusu ya kitabu unarudi somo la kwanza, safari hii ukitafsiri kuingia katika lugha mpya. Mimi naamini katika kurudi huko. Programu za simu zenye zawadi za nyota nazo si mbaya, ila zinakupa maneno bila kukupa pumzi ya sentensi ndefu. Na tuseme hesabu waziwazi: wiki 30 za darasani hufika saa 750 hivi. Ukitoa saa moja kila siku, hiyo ni miaka miwili. Atakayekuahidi miezi mitatu anakudanganya.

Lakini kozi ni mlango tu. Lugha inakaa kwenye usomaji. Wapi pa kupata cha kusoma huku? Kwanza tazama rafu ya nyumbani. Nyumba nyingi za Kipsigis zina Biblia, ya Kiswahili ama ya Kalenjin, na hadithi zake msomaji anazijua kwa moyo. Pakua kwenye simu Reina-Valera ya 1960 kwa Kihispania, au Louis Segond ya 1910 kwa Kifaransa, ufungue Injili ya Marko, iliyo fupi kuliko nyingine. Soma sura kwa Kiswahili, isome kwa lugha mpya kwa sauti, kisha uisome tena bila kutazama Kiswahili. Jua tu kwamba hiyo ni lugha ya heshima ya zamani. Wakati uliopita wa masimulizi ulio katika Segond huandikwa vitabuni. Mazungumzoni Wafaransa hawautumii.

Kwa lugha ya leo, RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ina idhaa ya Kiswahili tangu 2010, na kwa Kifaransa ina taarifa ya habari ya dakika kumi kwa lugha nyepesi, pamoja na maandishi yake. Radio Okapi ya Kongo hutangaza kwa Kifaransa na Kiswahili pia. Sikiliza habari ya Goma kwa Kiswahili asubuhi, jioni uitafute kwa Kifaransa. Tayari unajua nani alisema nini, kilichobaki ni namna ya kusema. Utawasikia Wakongomani wakisema septante na nonante kwa sabini na tisini, kwa urahisi zaidi kuliko Wafaransa wenyewe, ambao kwa tisini hupiga hesabu ya nne mara ishirini na kumi.

Baadaye njoo kwenye riwaya. Une vie de boy ya Ferdinand Oyono, ya 1956, ilifasiriwa kwa Kiswahili kwa jina Boi. Une si longue lettre ya Mariama Bâ, ya 1979, ni Barua Ndefu Kama Hii. Le Petit Prince ni Mwana Mdogo wa Mfalme. Ukizipata nakala mbili za kazi moja, umepata mwalimu wa kutosha mwaka mzima. Kwa Kihispania usiishie Madrid. Guinea ya Ikweta ni nchi ya Kiafrika yenye Kihispania, na María Nsue Angüe alitoa riwaya yake Ekomo mwaka 1985.

Mtu ataniuliza, lugha hizi zitamfaa nini kijana wa Soin? Njia ya kwenda zinakosemwa imekanyagwa tayari na wakimbiaji wetu. Wilson Kiprugut wa Kericho alishinda medali ya fedha ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Beatrice Chebet, mzaliwa wa Kericho, alitwaa dhahabu mbili Paris mwaka 2024, na tarehe 31 Desemba mwaka huo huo akakimbia kilomita tano kwa dakika 13 na sekunde 54 mjini Barcelona. Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, baada ya Rwanda na Burundi, kwa hiyo Kifaransa ni lugha ya jirani yetu.

Mwaka 1951 D. V. Perrott alichapisha Teach Yourself Swahili, ili Mwingereza asiye na mwalimu ajifunze lugha yetu kwa kuanzia lugha yake. Ombi langu ni kwa walimu wa Kifaransa na Kihispania wa Kenya na Tanzania, na kwa wachapishaji wetu: tupeni kitabu cha namna hiyo kinachoanzia kwenye Kiswahili, na somo lake la kwanza liwe nina njaa.