Hamu ya Chakula si Dhambi

Leo tutazame jambo linalowatesa Wakristo wengi kwa siri, yaani ile hamu ya chakula inayomrudia mtu hata baada ya kuomba na kuazimia kuishinda.

Mwaka 1945, huko Minnesota, Marekani, vijana 36 waliokataa kupigana vita kwa ajili ya dhamiri, wengi wao wa makanisa ya amani kama Mennonite na Marafiki, walijitolea kupunguziwa chakula ili wataalamu wajifunze jinsi ya kuwauguza waliodhoofishwa na njaa ya vita. Kwa miezi sita walipewa kalori kama 1,600 kwa siku (kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula), na kila juma walitembea kilomita 35. Je, ilikuwaje? Watu hao wa nidhamu waliota chakula usiku, wakasoma vitabu vya mapishi, wakalamba sahani. Waliporuhusiwa kula, wengine walikula wasishibe. Haikuwa imani haba. Mwili ulionyimwa huiamrisha akili itafute chakula.

Sasa ndugu yetu wa Lodwar ameambiwa na daktari apunguze uzito. Si ajabu: uchunguzi wa Waturkana zaidi ya 1,200, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wafugaji wanaotegemea maziwa wana afya njema ya moyo kuliko wenzao waliokulia mjini. Naye huacha kula mchana kutwa, saa tatu usiku akaziangukia chapati, kisha huona haya kusali. Mama, baba, usijipige vita namna hiyo. Kula mchana. Andika unachokula kwa juma moja, bila kujidanganya. Chai vikombe vitano, kila kimoja vijiko vinne vya sukari, ni kalori 320 hivi. Mwenye kilo 70 akitembea saa nzima kando ya Turkwel hutumia kama 250. Ni rahisi zaidi kupunguza vijiko, naam, na matembezi yabaki kwa faida ya moyo na usingizi.

Lakini fuata barabara kilomita kama 120 hadi kambi ya Kakuma, na hesabu ile ile inageuka. Huko kalori huhesabiwa na wagawa chakula. Kipimo cha kawaida ni 2,100 kwa mtu kwa siku, na mwaka 2025 mgao ulipunguzwa hata chini ya nusu. Mama anayewaza ugali katikati ya ibada asihubiriwe kiasi. Eliya alipolala chini ya mti jangwani akiomba afe, malaika hakumkemea. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili.