Tope Miguuni mwa Farasi: Lioshwe au Likauke?

Kila majira ya baridi yenye mvua, wafugaji wa farasi wa Uingereza hukabiliwa na swali moja: farasi arudipo kutoka malishoni akiwa na miguu iliyojaa tope, je, aoshwe papo hapo au tope liachwe likauke?

Ngozi hulindwa na tabaka gumu la nje pamoja na mafuta yake. Maji yakikaa juu yake muda mrefu, tabaka hilo hulainika, na mchanga uliomo katika tope huikwaruza. Hapo hupata njia bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis. Jina lake latokana na Kongo, ambako Van Saceghem alimweleza mwaka 1915 baada ya kumchunguza katika ng'ombe. Chembe zake za uzazi zina vijimkia. Huogelea katika unyevu zikivutwa na kaboni dioksidi itokayo ngozini. Matokeo yake ni magamba, maumivu, na pengine kuchechemea.

Kwa hiyo, kumwosha farasi kila siku bila kumkausha ni kumfungulia adui mlango. Yafaa tope likauke, kisha lipigwe brashi laini kwa kufuata manyoya yalivyolala. Ikilazimu kuosha, miguu ikaushwe kabisa kwa taulo. Brashi nayo isafishwe kabla ya kutumiwa kwa farasi mwingine.

Wanafunzi na wajiulize: kwa nini ng'ombe wa nchi zetu huugua ugonjwa huu zaidi wakati wa masika, na kupe wana sehemu gani katika kuuzidisha?