Neno la Siri la Simu ya Intaneti

Simu ya intaneti hugeuza sauti ya msemaji kuwa tarakimu na kuzipeleka kwa njia ya mtandao wa kompyuta. Namba yake haikufungwa kwenye waya wa nyumba fulani, bali kwenye akaunti. Alijuaye neno la siri la akaunti hiyo aweza kupiga simu akiwa popote duniani, na gharama zikamwangukia mwenye akaunti.

Wezi hutumia programu zinazobahatisha maneno ya siri mchana na usiku. Zikifaulu, hupiga simu za ng'ambo zenye bei kubwa, aghalabu wakati ofisi zimefungwa. Neno la tarakimu 4 lina michanganyiko 10,000 tu, na kompyuta huimaliza upesi. Neno la alama 12, zilizochaguliwa bila mpango kutoka herufi ndogo 26 na tarakimu 10, lina michanganyiko 36 kwa kipeo cha 12, yaani namba yenye tarakimu 19.

Hata hivyo, kubadili neno hilo kwataka uangalifu. Simu nyingi za aina hii hufuata kanuni iitwayo SIP, iliyotolewa upya mwaka 2002. Kwa kanuni hiyo, simu hujiandikisha kwenye kompyuta ya kampuni kila baada ya muda, mara nyingi saa moja. Kompyuta huipelekea simu fumbo. Simu hulichanganya na neno la siri, ikafanya hesabu na kurudisha jibu. Kompyuta nayo hufanya hesabu ileile na kulinganisha majibu. Neno lenyewe halipiti njiani, lakini sharti pande zote mbili zilijue.

Basi ukilibadili kwa kampuni peke yake, simu yako itaendelea kutoa jibu la zamani. Yaweza kupokea simu hadi muda wa uandikishaji wake uishe, kisha ikanyamaza. Zahanati yaweza kupotewa na simu za wagonjwa bila mtu kutambua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kwanza hakikisha unabadili neno la simu yenyewe, kwani lile la kuingilia katika ukurasa wa akaunti huwa mbali. Pili, liingize mara moja katika kila chombo kitumiacho akaunti hiyo, ukizingatia herufi kubwa na ndogo. Tatu, izime simu na kuiwasha tena. Mwisho, piga simu moja na upokee moja. Ndipo utakapojua kwamba kazi imekamilika.